Betri Ilikufa, Nikashtakiwa Mimi

Nyumbani kwetu Ujiji kitu kikiharibika hakiulizwi kimeharibikaje. Huulizwa mimi niko wapi. Redio ikikohoa, mimi. Jogoo wa jirani akiwika saa isiyo yake, mimi. Siku moja mvua ilinyesha jua likiwa linawaka, mama akatoka mbio kuanua dagaa, na kabla hajaitazama mbingu alinitazama mimi kwanza. Silalamiki. Sifa hiyo nimeitafuta kwa jasho langu. Mtu aliyewahi kuficha dagaa wabichi kwenye tundu la hewa la gari la baba yake, gari likanuka wiki nzima, hana haki ya kushangaa gari hilohilo likiumwa na jina lake likatajwa.

Ila hili la betri halikuwa langu. Narudia, kwa sababu najua hata wewe unayesoma umeshaanza kutabasamu: halikuwa langu.

Gari lenyewe ni jeupe, la mtumba, refu nyuma, gia za mkono. Kazi yake ya kwanza ni dagaa. Alfajiri baba analiwasha, anakwenda Kibirizi mitumbwi inapoingia, anarudi na magunia ya mama. Ukichelewa Kibirizi, dagaa wazuri wameshabebwa, unabaki na wale waliokatika vichwa, na mama dagaa asiye na kichwa hamtaki. Anasema mteja anapenda kuona anamla nani.

Kazi ya pili ya gari ni kumpa baba raha. Kila mlango, chini kabisa, pale kiatu kinapopita, una kataa kadogo, taa ya kumulika miguu. Ukifungua mlango kanawaka, kanamulika ardhi usije ukakanyaga dimbwi au kuku. Ukifunga, kanazima. Taa ya darini baba aliizima kwa swichi yake zamani, anasema inaita wadudu wa ziwani. Lakini zile za milangoni! Mgeni akishushwa kwetu magharibi, baba humwambia, “Shuka taratibu, angalia miguu,” na hapo hamwonei huruma mgeni, anataka taa ionekane. Hakuna gari lingine mtaani lenye taa za miguu. Mimi nilikuwa nazicheka. Sikujua kwamba mojawapo inanichimbia kaburi.

Mwezi wa sita, wiki moja ileile, yalitokea mambo mawili. Shule zilifungwa, nikawa nashinda nyumbani. Na Bibi akaja.

Bibi ni mzaa mama, anatoka kijijini kule juu ya Mwandiga. Alikuja kutibiwa goti, na alishuka na fimbo, mkeka, na dumu la mawese aliloamini kuliko hospitali yoyote. Mimi na yeye tuna utani wetu wa bibi na mjukuu. Ananiita mume wangu.

“Mwakeye, mume wangu,” ananisalimia asubuhi kwa Kiha. “Bado hujaota ndevu? Nitaolewa na mwingine.”

“Subiri kidogo, mke wangu, zimekwama foleni.”

Lakini kwa baba, Bibi si utani. Ni mkwe. Sijui kwenu, ila kwetu mwanaume mbele ya mama mkwe anapungua kimo. Baba yangu, ambaye sauti yake inasikika mpaka msikitini bila kipaza sauti, mbele ya Bibi anaongea kama anayeomba maji ya kunywa. Hamtazami usoni. Bibi akikohoa, anasimama. Na Bibi alitaka kila siku baada ya alasiri apelekwe Gungu kumwona mdogo wake, wakae wacheke mambo ya ujana wao. Baba, ambaye mimi nikiomba lifti ya kwenda sokoni ananiuliza kama miguu yangu ina bima, alimpeleka kila siku bila kuguna. Bibi anakaa nyuma, mlango wa kushoto, goti linyooke. Baba anageuza kioo cha ndani kitazame dari, wasije wakagonganisha macho. Wanarudi baada ya magharibi, upepo wa ziwani umeshaanza kupuliza ubaridi wa kiangazi.

Asubuhi moja, baba akazungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mdogo kama mtu anayemeza mate. Kimya.

Tukasukuma. Mtaa mzima ulikuja, maana kwetu gari likisukumwa ni sherehe. “Weka bega! Weka bega!” anapiga kelele mtu ambaye yeye bega lake kaliegemeza ukutani. Bibi kasimama mlangoni na kanga yake: “Mume wangu, sukuma kama mtu aliyekula!” Gari likawaka, baba akaenda Kibirizi amechelewa, akarudi na dagaa wasio na vichwa.

Siku mbili tatu mbele, tena. Halafu tena. Jioni ya mara ya tatu niliitwa sebuleni.

“Ulikaa kwenye gari jana?” baba akauliza. Bibi alikuwa chumbani, kwa hiyo sauti ilikuwa ile ya kawaida.

“Sikukaa.”

“Ulisikiliza muziki?”

“Baba, kama sikukaa, nitasikilizaje?”

“Mmeona?” akamgeukia mama. “Muziki hajaukataa.”

Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko. Dada yangu, aliyekuwa pembeni na simu yake, alikuwa anacheka bila sauti mpaka mabega yanaruka.

“Kabla shule hazijafungwa, betri ilikuwa nzima,” baba akaendelea. “Shule zimefungwa, wewe upo nyumbani, betri inakufa. Mimi si mtaalamu, lakini hesabu hiyo naiweza.”

Nilitaka kusema: na Bibi je? Naye kaja wiki hiyohiyo. Lakini hesabu yenye mama mkwe ndani yake haifanywi kwa sauti kwenye nyumba yetu. Baba alikuwa na washukiwa wawili, na mmoja wao alikuwa haruhusiwi kushukiwa. Nikabaki mimi.

“Betri ikifa tena,” baba akasema, “Jumatatu unapanda basi kwenda Kasulu kwa baba yako mkubwa. Na si likizo. Uhamisho. Utasoma kulekule.”

Hapo kicheko kilinitoka peke yake, kwa hofu. Baba mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kuchapa. Kwake watu wanaamka kabla ya kuku, wanalima, wanakwenda shule, wanarudi, wanalima tena, na jioni kwa burudani wanasikiliza taarifa ya habari wamesimama. Nilikaa kwake wiki moja nikiwa mdogo. Nilimwambia mzaha mmoja. Aliniambia niueleze unachekesha wapi, nikaueleza, tukamaliza tukiwa na huzuni wote wawili. Kuhamia kule, kwangu mimi, ni kama kumpeleka samaki kusoma jangwani.

Kesho yake nikamwambia baba, “Twende basi kwa fundi. Kama ni mimi, fundi atasema.” Nilijiamini, unajua. Mtu asiye na hatia ana ujinga wake.

Fundi umeme wa magari yuko Gungu, chini ya bati lililosimamishwa kwa miti minne. Tulifika mchana, jua limekaa utosini. Ni mtu wa maneno mengi, na kila neno analigonga na spana. Alifungua boneti, akapima betri. “Imezeeka kidogo, lakini inashika chaji.” Akapima chaja ya injini. Nzima. Halafu akafanya jambo ambalo nililikodolea macho. Alifunga milango yote, akalegeza waya wa hasi kwenye betri, akautoa. Kisha akachukua kibalbu chenye nyaya mbili, moja akaigusisha kwenye betri, nyingine kwenye ule waya alioutoa.

“Sasa angalia, mwanafunzi. Gari limezimwa, milango imefungwa. Hakuna anayekula umeme. Kama kuna mwizi ndani, chochote kinachonyonya betri, umeme wake utapita hapa kwenye balbu yangu, nayo itawaka.”

Balbu haikuwaka. Aliigonga, akaangalia tena. Giza.

“Mzee,” fundi akamwambia baba, akifuta mikono, “gari lako ni zima kuliko mimi. Umeme hausemi uongo.” Akanitazama mimi, akatoa tabasamu. “Watu ndio wanasema.”

Njia nzima ya kurudi Ujiji baba alikuwa anapiga mluzi, na baba akipiga mluzi ujue amefikia uamuzi.

Basi nikafanya ambacho angefanya mtu yeyote anayekimbia Kasulu. Jioni hiyo, baba alipomrudisha Bibi kutoka Gungu na kuingia ndani, nilichukua spana namba kumi, nikafungua boneti taratibu, nikautoa waya wa hasi wa betri. Kama kuna mwizi, basi leo alale njaa. Asubuhi kabla baba hajatoka, nikaurudisha. Gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Kesho yake tena hivyohivyo. Nilijiona mjanja kwelikweli, mpaka baba aliposema wakati wa chai:

“Mmeona? Tangu nimtishie Kasulu, betri haijafa.”

Chai ilinipalia. Dawa yangu ilikuwa imegeuka ushahidi.

“Ukimtishia mtoto anaacha,” mama akaunga mkono.

“Lakini si unaona kwamba siwezi—” nikaanza.

“Naona kwamba unaweza,” baba akasema. “Ndiyo maana nakuambia, siku moja tu ukisahau, basi linakusubiri.”

Nikaelewa kwamba nimejifunga mwenyewe. Siku nitakayolala mapema, au spana ikipotea, au baba akiwahi kutoka kuliko mimi, ndiyo siku ya Kasulu. Ilibidi nimpate mwizi. Nikakaa nyuma ya nyumba nikafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma fizikia nilitamani ningekuwa namsikiliza mwalimu badala ya kumwigiza anavyotembea.

Jambo lililonisumbua ni hili: betri inakufa asubuhi, fundi kapima mchana. Hatukuwahi kumpelekea fundi gari la asubuhi. Ukimtafuta popo mchana kwenye mwanga, utasema popo hakuna. Nikaamua nipime mwenyewe, saa ileile wizi unapofanyika.

Balbu niliipata kwa bodaboda mmoja wa kijiweni kwetu, ya indiketa iliyovunjika kifuniko. “Ukiipasua ujue unatembea mwaka mzima,” akaniambia. Nikaifunga nyaya mbili. Waya wa hasi ulikuwa umeshatolewa tangu jioni na mimi mwenyewe. Alfajiri, watu wakiwa bado msikitini na uani kwetu kuna ule ubaridi wa ziwani unaoingia mpaka kwenye meno, nikafungua boneti, nikagusisha.

Balbu ikawaka.

Kwa unyonge, nyekundunyekundu, kama jicho la mtu aliyeamshwa. Lakini iliwaka! Niliruka nikagonga kichwa kwenye boneti, na hata maumivu yalikuwa matamu. Mwizi alikuwepo. Na mwizi hakuwa mimi, maana mimi nilikuwa huku nje nimeshika kichwa.

Sasa ni nani? Nikaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, huku nikiitazama balbu. Ya redio nikaichomoa kwa matumaini makubwa. Balbu ikaendelea kuwaka. Ya honi, bado. Nilipochomoa ile ya taa za ndani, balbu ikafa. Nikairudisha, ikafufuka. Basi ni taa ya ndani. Lakini taa ya darini imezimwa, na milango yote imefungwa. Nilizunguka gari nikichungulia kioo kwa kioo. Hamna kitu. Zile taa za miguu ziko chini kabisa, mlango ukifungwa zimetazamana na ubavu wa kiti. Ziwake zisiwake, aliye nje haoni. Ni kama kujiuliza mtu akifumba mdomo ulimi wake unafanya nini.

Nilihitaji jicho la kubaki ndani. Nikamwendea dada.

“Nipe simu yako.”

“Nikupe figo yangu?” akasema kutoka chini ya shuka.

“Nataka niifungie kwenye gari irekodi video.”

Akatoa kichwa. “Irekodi nini?”

“Mwizi.”

Ukweli ni kwamba ubishi ulimwishia hapo. Dada yangu anapenda umbea kuliko usingizi. Alitoka na mimi, kajifunika kanga mbili, simu kaishika kama yai. “Ukiidondosha, Kasulu utaiona karibu,” akaniambia.

Nikaurudisha waya wa betri. Tukafungua mlango wa dereva, tukaiweka simu sakafuni ikitazama nyuma, tukafunga. Mara ya kwanza ilirekodi pua yangu tu. Mara ya pili tukaisukuma zaidi, tukafunga, tukasubiri, tukaitoa, tukaitazama vichwa vimegusana. Giza. Giza. Halafu kule nyuma, upande wa kushoto, kando ya kiti, mstari mwembamba wa mwanga wa njano.

“Mlango wa Bibi,” dada akanong'ona.

Tukautazama mlango wa Bibi kwa nje. Umefungwa vizuri, umetulia kama mtu aliyeswali. Nikaufungua. Taa yake ya chini inawaka, ndiyo, lakini mlango ukiwa wazi taa yoyote inawaka. Cha kutazama kilikuwa kitasa. Magari mengine yana kitufe kwenye fremu, unakiona, mlango unakibonyeza. Hili letu swichi yake imejificha ndani ya kitasa chenyewe: mlango ukifungwa, kiulimi cha chuma kinazunguka, nyuma yake kiswichi kinabonyea, taa inazima. Nikachukua bisibisi, nikaanza na mlango wa kulia, ambao hauna kesi. Nikakisukuma kiulimi kwa bisibisi kana kwamba mlango umefungwa. Tak. Taa ikazima. Nikarudi kushoto, nikasukuma. Kiulimi kikaenda kwa uvivu, bila tak, kikaishia njiani. Taa ikaendelea kuwaka.

Nikachungulia ndani ya kitasa. Kulikuwa na kitu kizito, chekundu cha rangi ya machungwa, kimechanganyika na vumbi kama ugali wa jana. Nikakichota kwa kidole. Nikanusa.

Dada akanitazama. Mimi nikamtazama. Hakuna mtoto wa Kigoma asiyeijua harufu ile.

Mawese.

Na hapo yote yakanijia kwa pamoja. Asubuhi za mwezi wa sita chupa ya mawese jikoni kwetu huwa imeganda, mama anaianika juani ndipo imiminike. Ndivyo na kitasa. Mchana, kwenye jua la Gungu, mawese yameyeyuka, kiulimi kinacheza, fundi anapima anaona gari zima. Jioni Bibi anashuka kwenye upepo wa ziwa, mawese yameshaanza kuganda, anafunga mlango, kiulimi kinanasa katikati, taa inabaki inamulika ubavu wa kiti mpaka kunapambazuka. Na betri yenyewe si kijana.

Nilikuwa nimepiga magoti, kidole kimoja chekundu kimeinuliwa hewani, boneti iko wazi, fyuzi ziko juu ya kiti, spana iko mdomoni. Hapo ndipo baba aliporudi kutoka msikitini.

Alisimama getini. Akaitazama boneti. Akazitazama fyuzi. Akanitazama mimi.

“Kumbe,” akasema polepole, “ndivyo unavyofanya.”

“Baba—” nikasema nikiitema spana.

“Nilidhani ni muziki. Kumbe unalifungua kabisa!”

“Baba, sikiliza—”

“Nenda kafunge begi.”

Dada, ambaye maisha yake yote ameishi kwa kunichongea, alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alisema, “Baba, tazama kwanza. Kakupatia mwizi.”

Baba hakusema ndiyo, lakini hakuondoka. Nikaruka kabla hajabadili mawazo. Nikamwonyesha mlango wa kulia: bisibisi, tak, taa imezima. “Umeona?” Nikamwonyesha wa kushoto: bisibisi, kimya, taa inawaka. Akainama. Nikafanya tena. Akavua kofia yake, akainama zaidi. Nikakimbia jikoni, nikarudi na kikombe cha maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, nikayamimina taratibu juu ya kitasa. Mchirizi wa rangi ya machungwa ukateremka mlangoni. Tukasubiri. Ndani ya kitasa kitu kikajikunyata, kikajinyoosha, kikasema chenyewe: tak.

Taa ikazima.

Baba alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Mawese,” akasema mwishowe.

“Mawese.”

“Mawese kwenye kitasa cha gari.” Sauti ikaanza kupanda ngazi. “Ni mwendawazimu gani ambaye—”

Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Jibu nilikuwa nalo, lakini jibu hilo lilikuwa mzaa mama, na siwezi kumtoa Bibi kafara hata kwa ajili ya kuikwepa Kasulu. Au labda ningeweza, sijui. Namshukuru Mungu hakunipa nafasi ya kujipima.

“Ni mimi,” sauti ikasema kutoka mlangoni.

Bibi alikuwa kasimama na fimbo yake, kanga begani, uso mkunjufu kama aliyeulizwa nani kapika pilau.

“Ule mlango ulikuwa unalia kama mbuzi anayefungwa kamba. Kila nikishuka Gungu watoto wanageuka. Nikaupaka mawese. Fimbo yangu naipaka, goti nalipaka, bawaba za kwangu zote nazipaka, hazijawahi kulia.” Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kitasa. “Tangu siku ile umetulia, ego? Au unalia tena, mkwe wangu?”

Sijawahi kuona mtu akimeza sentensi nzima. Baba aliimeza. Niliiona ikipita kooni, neno kwa neno, na lile la mwendawazimu likakwama kidogo kabla ya kushuka. Akaikunja kofia yake kwa mikono miwili, akaitazama ardhi.

“Hapana, mama,” akasema kwa ile sauti ya kuomba maji. “Haulii. Asante, mama.”

“Ego, ndiyo hivyo. Nitakupakia na ule mwingine.”

“Usijisumbue, mama! Goti lako, mama. Huyu… huyu mjukuu wako atapaka.”

Dada alikimbilia nyuma ya nyumba, na huko nikasikia anacheka mpaka anapiga ukuta. Mimi nilijikaza. Nilikuwa nimeing'ata tena spana.

Tulikisafisha kitasa kwa mafuta ya taa, mimi na baba, tumechuchumaa bega kwa bega. Uchafu uliotoka humo ungetosha kukaangia samaki. Tulipomaliza baba alitia grisi ya kweli, akafunga mlango, akafungua, akafunga, kila mara anasikiliza tak yake kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akaniagiza niutoe waya wa hasi, nishike balbu yangu ya bodaboda kwenye betri, yeye mwenyewe akafunga milango yote. Tukaikodolea macho. Haikuwaka. Tukaendelea kuikodolea. Haikuwaka. Hewa iliyokuwa imekwama kifuani mwangu tangu jioni ile ya sebuleni ikatoka yote kwa mkupuo, nikahisi njaa ya ajabu.

“Umejifunzia wapi hii?” baba akauliza.

“Kwa fundi wako. Alipokuwa ananitukana.”

Akaguna. Kwa baba, mguno ule ni hotuba.

Bibi akatuletea vikombe viwili vya chai hapohapo kwenye gari. Akanikonyeza. “Mume wangu ni fundi,” akasema. “Sasa nitasubiri hizo ndevu.” Mpaka leo sijui kama alikuwa amesimama pale mlangoni tangu mwanzo, akanisikia naambiwa nifunge begi, ndipo akatoka. Nilimuuliza siku aliyoondoka. Alinijibu kwamba wazee hawasikii vizuri asubuhi.

Nikaurudisha waya wa betri, baba akazungusha ufunguo. Gari likawaka kabla hajamaliza kuuzungusha. Akaniashiria kwa kidevu nipande, tukaenda Kibirizi wote wawili, bahati mitumbwi nayo ilikuwa imechelewa, na dagaa wa siku ile walikuwa na vichwa vyao vyote, wanatutazama.

Pale pwani, wakati wapagazi wanapakia magunia, simu ya baba ikalia. Nikaliona jina kwenye kioo. Alikuwa baba mkubwa.

“Ee, kaka. Shikamoo,” baba akasema. “Wazima, wazima… Ndiyo, nilikuambia Jumatatu… Hapana. Haji tena.” Nikasikia sauti ndogo ya Kasulu ikiongea ndani ya simu, ndefu, yenye mpangilio, yaelekea walikuwa wameshaninunulia jembe. “Pole, kaka, najua umejiandaa… Ilikuwa kitasa… Ndiyo, kitasa. Hapana, kaka. Si yeye.”

Si yeye. Nimeishi miaka yangu yote katika nyumba ile na sikuwahi kuyasikia maneno hayo mawili yamekaa pamoja. Nilitamani kumwomba ayarudie, dada ayarekodi.

Upande wa pili ukauliza kitu kifupi. Baba akanigeukia. Akanitazama kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kile kidole changu ambacho bado kilikuwa na wekundu wa mawese.

“Nina uhakika,” akasema. Kisha, kwa sababu ni mtu wa haki na ana kumbukumbu ya dagaa kwenye tundu la hewa, akaongeza: “Safari hii.”